Tumewasha kamera tukafristaili, mbona hakuna aliyecheka?

"Shikamoo mwalimu. Mimi na wenzangu wanne tunatengeneza kifilamu cha kuchekesha cha mtindo wa mokumentari, yaani ni ya uongo ila inajifanya dokumentari ya kweli. Stori ni kamati ya harusi hapa Dar, kuanzia kikao cha kwanza mpaka siku yenyewe. Tuliangalia zile filamu za Christopher Guest tukasoma kwamba wale hawana skripti, wanawasha kamera tu wanafristaili. Na sisi tukafanya hivo hivo kwa simu mbili, wikiendi nzima. Tukakata kata tukabaki na dakika 12, tukatuma kwenye magrupu. Kimya. Mmoja akauliza 'sasa hapa mnachekesha wapi?' Wakati tunarekodi tulikuwa tunakufa kwa kicheko, kuna mwenzetu hawezi kabisa kujizuia, na mwingine kila sini lazima apige kelele au aanguke ili ichekeshe. Sasa wenzangu wanasema huu utani mkavu ni wa Wazungu, watu wetu hawauelewi, tuweke zile sauti za kuchekesha na tuandike skripti yote mwanzo mwisho. Mwalimu, tatizo ni skripti, ni sisi hatuna kipaji, au ni watazamaji?"

Marahaba mdogo wangu, na poleni. Kutuma kitu ulichokihangaikia wikiendi nzima alafu grupu zima likakausha, hiyo inauma kuliko kutukanwa. Ila nikikusoma vizuri naona maswali yako matatu ni moja tu: wale walifristaili ikachekesha, sisi tumefristaili mbona haijachekesha? Na jibu langu ni kwamba mlichosoma ni kweli, ila mmesoma nusu, na ile nusu iliyobaki ndo yenye jasho.

Ni kweli kabisa Guest, muongozaji wa hizo filamu, na mwenzake Eugene Levy walikuwa hawaandiki maneno ya kusema. Waiting for Guffman ya 1996, Best in Show ya 2000, A Mighty Wind ya 2003, zote waigizaji wanaingia mbele ya kamera bila mstari hata mmoja wa kukariri, tena bila kufanyia sini mazoezi. Lakini kabla ya kufika hapo hao wawili walikuwa wamekaa chini muda mrefu wanaandika vitu vingine: sini zote kwa mpangilio wake, kila sini inaanzia wapi na lazima iishe imetupa habari gani, na kila karakta na historia yake, katokea wapi, anaishi na nani, anataka nini na anaogopa nini. Muigizaji anapewa hayo yote anaenda kukaa nayo. Siku ya kurekodi kitu ambacho hakijulikani ni maneno tu, vingine vyote vinajulikana. Hata nyimbo unazozisikia kwenye hizo filamu zimetungwa na kufanyiwa mazoezi kama nyimbo za bendi yoyote. Alafu angalia na wanaopewa huo uhuru ni kina nani: Levy na Catherine O'Hara walianzia Toronto kwenye kundi la vichekesho la Second City na kipindi cha TV cha SCTV, yaani walikuwa wanabuni papo kwa papo mbele ya watu tangu miaka ya 1970. Nyie mmeanza Jumamosi, msijihukumu kwa kipimo hicho.

Turudi nyuma kidogo kwenye ile ambayo karibu wote wanaiga mpaka leo, This Is Spinal Tap ya 1984 iliyoongozwa na Rob Reiner. Guest, Michael McKean na Harry Shearer wanaigiza bendi ya roki ya Waingereza ambayo imechuja ila yenyewe haijapata taarifa. Hawa watatu walishaigiza bendi hiyo hiyo kwenye TV mwaka 1979, miaka mitano kabla filamu haijatoka. Vyombo wanapiga wenyewe, na nyimbo ni za kwao. Na ile hela waliyopewa ya kuandika skripti wakaitumia kurekodi kipande cha dakika kama 20 kuonyesha wanataka nini, maana kwenye karatasi isingeeleweka. Sasa kuna sini ya Stonehenge, yale mawe makubwa ya kale ya Uingereza, bendi inataka jiwe lake lishuke jukwaani. Mpiga gitaa Nigel (ndo Guest) kalichora kwenye karatasi ya kufutia mdomo, badala ya futi 18 akaandika inchi 18, fundi kafuata alichoandikiwa, na kwenye shoo linashuka jiwe ambalo halifiki hata kiunoni kwa mtu. Niambie, hiyo unaifristaili vipi? Hilo jiwe lazima kuna mtu alilitengeneza, wale dansa wafupi wa kulizunguka walitafutwa, na wimbo ulikuwepo. Fristaili imekuja baadaye, kwenye kikao cha kulaumiana, ambapo watu wana kosa halisi mezani na kila mmoja analikwepa kwa akili zake. Pale hakuna anayehangaika kuchekesha. Wanagombana tu, tena kwa uchungu.

Ndo maana nikaangalia kifilamu chenu hivi unavyonielezea nikajua mlipokwama. Mmeacha maneno wazi, sawa, ila na kosa nalo mmeliacha wazi. Mmeingia kikaoni hamjui kikao kina tatizo gani, kwahiyo kila mmoja akawa anatafuta kichekesho mfukoni kwake.

Sasa huu utani mkavu wenyewe unavofanya kazi. Karakta hajui kwamba anachekesha, na akijua tu imeisha. Yeye ana jambo lake analiheshimu sana na anataka na wewe uliheshimu. Huku kwingine una umbo la dokumentari, sauti tulivu, kamera inayotetemeka kidogo, mtu kakaa kwenye kiti anahojiwa na chini pameandikwa jina na cheo chake. Vitu hivi tumelelewa tukiviamini. Kwahiyo mtazamaji anapokea mambo mawili kwa mpigo, umbo linamwambia tulia hii ni habari ya kweli, na kinachosemwa kinamwambia huyu mtu hayuko sawa, na kwenye skrini hakuna hata mmoja anayemkonyeza kumsaidia. Inabidi aunganishe mwenyewe. Kicheko kinatokea pale anapounganisha, na ukimuwahi kwa kumuunganishia wewe anakuwa hana kazi tena ya kufanya.

Umbo peke yake lina nguvu kiasi gani? Tarehe 1 Aprili 1957 BBC kwenye kipindi chao cha Panorama walionyesha familia kusini mwa Uswisi inavuna tambi kutoka mtini. Msimulizi alikuwa Richard Dimbleby, mtangazaji aliyeheshimika kwelikweli, na alisoma maelezo yote kwa sauti ile ile ya siku zote. Watu wakapiga simu kuuliza huo mti unapandwaje! Hakuna aliyeanguka wala kupiga kelele mle ndani, wanawake wanachuma tu tambi wanazianika juani.

Na kwenye Spinal Tap kuna ile sini ya amplifaya ambayo nataka mkaiangalie tena nyote mkiwa na saa mkononi. Nigel anamwonyesha mtengeneza dokumentari (ndo Reiner mwenyewe) kwamba amplifaya zake, yale makasha ya kukuza sauti ya gitaa, namba za sauti haziishii 10, zinafika 11. Jamaa anamuuliza kwa upole, kwa nini usiifanye tu hiyo 10 iwe na sauti kubwa zaidi, alafu 10 ndo ikawa mwisho? Nigel ananyamaza. Anafikiria kabisa, unamuona anafikiria. Alafu anarudia kwamba hizi zinafika 11. Maneno yake ni ya mtoto wa darasa la pili, utamu wote uko kwenye kile kimya, na nakuhakikishia edita mwenye haraka angekikata.

Hapo tunarudi kwenu. Mlivyokuwa mnarekodi mlicheka kwa sababu mnajuana, mnajua fulani kaiga sauti ya mjomba wake, mnajua fulani hajawahi kuvaa suti. Mtazamaji hana hizo habari. Yeye anaona watu wanaojua wanachekesha, na mtu anayejua anachekesha kwenye dokumentari anaonekana muongo, basi. Huyo mwenzenu asiyeweza kujizuia msimlaumu, kuna watu wako hivyo, ila mpeni karakta ambaye kazi yake ni kuandika. Awe katibu. Kichwa chini, peni mkononi, kila neno analiandika kwenye muhtasari, akizidiwa anazidi kuinama, na kwenye kamera itaonekana ni bidii. Na kama hata hapo anashindwa, asiwepo kwenye hizo sini, hakuna namna ya kuediti kicheko kikatoka.

Yule wa kelele msimtoe lakini. Hapa watu wengi wanakosea wanadhani utani mkavu maana yake wote waongee kama wamelazwa. Kwenye Best in Show, ambayo ni mashindano ya mbwa, kuna watangazaji wawili, Buck ambaye ni Fred Willard na Trevor ambaye ni Jim Piddock. Buck hajui chochote kuhusu mbwa na haoni aibu, anaropoka mwanzo mwisho. Trevor ni mtaalamu, mstaarabu, kila upuuzi anaujibu kama swali la maana au anaumeza kimya kimya. Watu wanamkumbuka Willard, mimi namuangaliaga Piddock, maana bila uvumilivu wake yule mwingine angekuwa ni kelele tu. Kwahiyo mwenzenu apige kelele, ila kila akipiga awepo mtu mmoja pembeni anayemchukulia siriasi kabisa. "Sawa mjumbe, hoja yako imepokelewa, katibu umeandika?" Na kuanguka aanguke mara moja, kwenye filamu nzima.

Kuhusu kwamba hiki ni cha Wazungu, hapo nakataa kabisa. Umeshaona watani msibani? Watu wanalia, mtani anakuja kajilaza njiani jeneza halipiti mpaka alipwe, anadai marehemu kaondoka na deni lake, uso mkavu kabisa, anataja na kiasi. Wafiwa wanacheka huku machozi hayajakauka, yeye hacheki. Hiyo ni fristaili, ni mkavu, na ina umbo zito nyuma yake, yaani kila kitu nilichokueleza hapo juu mabibi na mababu zetu walikuwa nacho. Vile vile kijembe cha mama wa uswahilini, maneno yote ya heshima, hakuna tusi hata moja, na aliyekusudiwa anaondoka kalowa. Kenya kuna waliotengeneza mfululizo wa mokumentari unaitwa The Samaritans, kuhusu NGO ya Nairobi inayoitwa Aid for Aid ambayo haifanyi lolote, na ukishafanya kazi kwenye ofisi za namna hiyo huhitaji mtu akuelezee kichekesho kiko wapi. Nyie mmeokota dhahabu na hamjui. Kamati ya harusi! Kile Kiswahili cha kikao, itifaki izingatiwe, mchakato unaendelea, tuko hatua za mwisho, wajumbe watano kwenye viti vya plastiki baa wanajadili chakula kwa lugha ya bungeni. Hamhitaji kuongeza chumvi hata punje. Na zile sauti za kuchekesha toeni zote, zinamwambia mtazamaji cheka sasa, na akiambiwa hivyo anagoma.

Haya, skripti au fristaili. Nitakwambia ukweli, zote zinawezekana na zote zina bei yake. The Office, mokumentari ya TV ya Uingereza ya 2001, ya Ricky Gervais na Stephen Merchant, watu wanaapa ile ni fristaili, kumbe sehemu kubwa sana imeandikwa, mpaka vile vigugumizi na watu kukatishana. Faida yake mnarekodi haraka na mnajua mnachopata. Hasara ni kwamba mnahitaji waigizaji wanaoweza kusema kitu kilichoandikwa kikasikika hakijaandikwa, na hilo ni gumu, vijana wengi wakipewa mistari wanaanza kuongea kama wanasoma risala. Katikati kuna njia ya What We Do in the Shadows ya 2014, ya Jemaine Clement na Taika Waititi kule New Zealand, wale wanyonya damu waliopanga nyumba moja wanagombania zamu ya kuosha vyombo. Skripti ilikuwepo, ila waigizaji hawakuonyeshwa, wanaelezwa sini wanaingia. Bei yake ikawa kwenye kuediti, walirekodi zaidi ya masaa 100 kupata filamu ambayo haifiki saa moja na nusu.

Mimi kwa hali yenu ningechanganya. Vikao viandikwe, sio maneno, matukio. Mfano, mhasibu kwenye kikao cha kwanza anasoma makusanyo milioni 4 na laki 2, cha pili anasoma milioni 3 na laki 9, cha tatu milioni 3 na nusu, kila mara kwa sauti ya kujivunia, na wajumbe kila mara wanapiga makofi. Hakuna anayeuliza, kamera tu ndo inamuona bibi harusi mtarajiwa anahesabu kwa vidole. Hayo yote yamepangwa, maneno wajitafutie. Mahojiano ndo myaachie kabisa, tena mpe kila mtu siri yake pembeni wenzake wasijue. Mwenyekiti aambiwe peke yake kwamba yeye ndo alikuwa anataka kumuoa huyo binti. Asilitaje kamwe. Alafu anayehoji awe mtu mpole asiyejua hizo siri, aulize maswali ya kawaida, na akishajibiwa asiwahi kuuliza lingine, akae kimya akimuangalia. Binadamu hawezi kuvumilia kimya cha kamera, atajaza mwenyewe, na anachojazia hapo ndo mara nyingi mtakitumia. Wekeni pia daftari moja la ukweli, majina, tarehe, viwango, nani kaahidi single nani double, kwa sababu kwenye fristaili mtu akibadilisha jina la bwana harusi hizo sini mbili hamtaziunganisha tena.

Kwenye sauti msifanye mzaha. Watu wakifristaili wanaongea juu ya wenzao, na maneno yakishapandana hayakatiki. Hata maiki moja ya bei nafuu katikati ya meza ni bora kuliko simu mbili za mbali, na mfundishane kusubiri. Kisha kwenye kuediti mwiko mmoja: msitoe sini kwa sababu haichekeshi, toeni kwa sababu haisogezi habari. Vile vichekesho mnavyovipenda ambavyo havihusiani na harusi ndo vinavyoua filamu nzima. Na kila mkikata mtu baada ya kuongea, rudini muongeze sekunde mbili za uso wake muone.

Je mna kipaji? Kwa maelezo haya siwezi kujua, na mtu yeyote anayekujibu hilo bila kuwaona anakudanganya. Hapo ndo mnahitaji macho ya mtu aliyekaa nanyi chumba kimoja. Mkiwa Dar, Bagamoyo sio mbali, pale kwenye chuo cha sanaa cha TaSUBa wanafundisha sanaa za jukwaani, mtafuteni mwalimu au hata mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aje asimame nyuma ya kamera kikao kimoja awaambie nani anaigiza na nani anajionyesha. Na kama kati yenu watano hakuna mwenye subira ya kukaa na masaa ya video mwezi mzima, tafuteni edita kabla hamjarekodi tena, au andikeni skripti yote, sitanii, fristaili bila edita ni hasara tupu.

La mwisho ni lile mlilosema mnataka kufika mpaka siku ya harusi yenyewe. Kama ni harusi ya kuigiza, sawa. Kama mnawaza kuingia kwenye harusi ya watu kweli na kurekodi wageni ambao hawajui, simameni kwanza. Mtindo ule wa filamu ya Borat ya 2006 wa kunasa watu halisi ni biashara nyingine kabisa, inaenda na wanasheria na fomu za kusainiwa, na hata hivyo walishtakiwa. Ombeni ruhusa ya wenye harusi kwa maandishi, msitumie jina la ukumbi, kanisa, msikiti wala MC anayejulikana, na kabla ya kuiweka hadharani kaulizeni Bodi ya Filamu wenyewe kuhusu vibali, ana kwa ana, msitegemee alichosema mtu kwenye grupu.